Kila Baada ya Miezi Mitatu

Majina nimeyabadilisha, langu sikulitaja kabisa, na anayedhani amenitambua namwomba aniombee dua na anyamaze. Naandika kwa sababu nilipokuwa kitandani nilimtafuta mtu mmoja tu wa huku kwetu Pemba, mwanamume kama mimi, anieleze yaliyompata na vipi aliyapita, nisimwone. Niliyoyakuta kwenye simu yalikuwa ya watu wa mbali, wanaoishi peke yao kwenye nyumba zenye kufuli. Mimi mama yangu analala chumba cha pili, na nikikohoa mara mbili anauliza kulikoni.

Ninaposema mwanamume kama mimi, nakusudia mwanamume ambaye moyo wake huenda kwa wanaume. Sheria inasema nini najua, na dini nimesomeshwa tangu mdogo, sikuja hapa kubishana na yeyote. Nimekuja kueleza nilivyougua, na kosa nililolifanya kabla ya kuugua, maana kosa hilo nahisi si langu peke yangu.

Kazi yangu ni kofia. Sishoni, nafua. Watu wa Mtambile na vijiji vya karibu huniletea kofia zao za mkono, zile zilizotobolewa viua kwa sindano, nazifua kwa mkono, nazitia wanga na kuzivisha kwenye makopo zikauke zikiwa zimesimama vizuri. Ni kazi ya kukaa uani na kuzungumza, na mimi maneno sikunyimwa. Nimewahi kumchekesha bwana harusi mpaka akasahau kwamba anaogopa. Hilo la kuchekesha watu nitalirudia, kwa sababu limenigharimu.

Ugonjwa ulianza msimu wa karafuu, wakati majamvi yametandazwa kila mahali penye jua. Harufu ya karafuu mbichi nimeizoea tangu kuzaliwa, lakini mwaka ule ilinitia kichefuchefu. Kwanza nilichoka. Nilikuwa nafua kofia tatu nalala, nafua mbili nalala. Kisha ikaja homa ya jioni, inayopanda baada ya Alasiri na kuondoka na jasho. Mabega ya kanzu yakanilegea. Mdomoni mkaota utando mweupe, hata uji ukawa unauma kumeza, na mama ambaye hunijua kwa sahani yangu akaanza kuhesabu vipande vya samaki ninavyobakisha.

Mama yangu, Bi Mize, hakukaa bure. Aliniletea kombe kutoka kwa shehe wetu, maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikalinywa. Alinifukiza, nikafukizwa. Majirani walisema ni hasidi, kwa kuwa kofia zangu zinapendwa, naye akawa anasoma Ayatul Kursiy mlangoni kila asubuhi kabla sijatoka. Sikuyadharau hata moja katika hayo. Mkono wa mama yako ukiwa kichwani huku anasoma, kuna kitu ndani hutulia, hata kama homa inarudi jioni ileile.

Rafiki zangu waliniuliza kwa chini kama nimepima. Niliwajibu kwamba mimi nilishapima zamani, nina karatasi. Na kweli nilikuwa nayo.

Hapa ndipo penye kosa lenyewe. Kwetu kupima kuna wakati wake, nao ni kabla ya kuoa. Wazee wa pande mbili wakishakubaliana posa, mume na mke watarajiwa huenda hospitali, na majibu hurudi mbele ya wazee kabla siku ya nikaha haijapangwa. Ukitoka salama watu wanakupa mkono kana kwamba umefaulu mtihani. Baada ya hapo hakuna anayekuuliza tena maisha yako yote. Karatasi inakunjwa, inawekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mtu anatembea nayo moyoni kama hati ya shamba.

Mimi nilipimwa nikiwa na miaka ishirini na saba, walipokwenda kuniposea binti wa mjomba wangu. Nilitoka salama. Ndoa haikuwa, kwa sababu binti alimpenda mtu mwingine na akapata ujasiri wa kusema. Mama alilia wiki nzima. Mimi nilimwombea binti yule heri kwa moyo wangu wote, nikaiweka karatasi yangu.

Miaka minne baadaye nilimjua Makame. Ni fundi bomba, mtu wa Vitongoji, mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya msumeno. Alikuja kutengeneza bomba la uani kwetu, akakaa saa tatu kwa kazi ya nusu saa. Aliwahi kuoa, wakaachana kwa wema baada ya miaka miwili, akarudi kwa dada yake. Tulipofikia kuaminiana kweli, alinijia na karatasi yake ya kuolea, nami nikatoa yangu. Tuliziweka kitandani upande kwa upande na kuzisoma. Nakumbuka nilivyoona haya, na nilivyofurahi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunijia na kitu kama kile. Yangu ilikuwa na miaka minne, yake sita. Tarehe hatukuzitazama. Tulitazama neno lililoandikwa chini, tukacheka kwa raha, na tangu siku ile hatukutumia kinga.

Katika miaka yangu minne ile nilikuwa nikienda Unguja kupeleka kofia, na huko nilikuwa na mtu. Makame alilijua hilo. Nilimwambia mwenyewe, naye akasema yaliyopita yamepita. Tuliamini kwamba karatasi inafuta ya mbele na ya nyuma.

Na si kwamba hatukuambiwa. Siku za Ijumaa, baada ya swala, tunakutana watu watano sita Chake Chake, nyumbani kwa Shaame, fundi cherehani, tunacheza karata na kula alichopika. Kwake tunashusha mabega tuliyoyainua wiki nzima. Ijumaa moja Shaame alimkaribisha mgeni, mwenzetu vilevile, anayezunguka kuelimisha. Alizungumza taratibu, akasema watu kama sisi tusipime mara moja tukatosheka, tupime kila baada ya miezi mitatu, na kwamba kuna kituo ambapo muuguzi mmoja, Bi Asya, humpokea mtu bila kumchimba. Watu walikuwa wanamsikiliza. Wawili walishaanza kuuliza siku za kwenda.

Mimi nikasema, "Mie si gari, nifanyiwe sevisi kila miezi mitatu."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mgeni naye alicheka kwa adabu, akazirudisha karatasi zake kwenye mkoba, na hakuna aliyeuliza tena siku za kwenda. Maneno yale yakawa ya kwetu. Mtu akikohoa, anaulizwa kama sevisi imepita. Nilijivunia, Mungu anisamehe.

Chini ya kicheko kulikuwa na hofu, na sote tuliijua. Kupima mara moja kwetu ni heshima, maana yake unaoa. Kupima mara nne kwa mwaka ni kama kusimama mbele ya watu na kukiri. Mtu atajiuliza unafanya nini hata ujitilie shaka hivyo. Na ukiwa na mwenzako ni vibaya zaidi, kwa sababu kumwambia twende tukapime tena ni kama kumwambia sikuamini tena. Hayo hakuna aliyeyasema mbele ya mgeni. Tulicheka, tukagawa karata.

Kwa hiyo nilipokonda mpaka pete ikanitoka kidoleni ikazama kwenye beseni la sabuni, bado nilikuwa naitegemea karatasi ya miaka saba. Aliyenitoa nyumbani ni mama. Alisema kombe amelileta, mafusho ameyafukiza, sasa imebaki hospitali, na kama sitokwenda kwa miguu yangu atakwenda kuwaita vijana wa baraza wanibebe. Nikamwomba anipe siku moja. Kesho yake nilikwenda peke yangu, kwa Bi Asya.

Watu wanaogopa sindano. Mimi naogopa benchi. Benchi la kituo kile liko ukumbini, limeelekea mlango, na kila anayeingia anakutazama kwanza kabla hajatazama kitu kingine. Nilikaa baina ya mama mwenye mtoto wa kuchanjwa na mzee mwenye mguu uliofungwa. Nilikuwa nimevaa kofia yangu nzuri kabisa, nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Alipita mtu ninayeswali naye safu moja, akanitolea salamu, akaniuliza, "Ndo unaoa?" Nikamwambia inshallah. Akafurahi kwa dhati, akanipongeza, akaenda zake. Nilibaki pale na pongezi zangu.

Bi Asya ni mtu mzima, mpole wa sauti, miwani yake imefungwa uzi mweusi. Alinitoboa kidole, akaniambia tusubiri pamoja. Tulizungumza juu ya bei ya ndimu. Kisha akavua miwani, na alipoivua tu nilijua. Aliniambia kwa Kiswahili cha wazi kwamba nina virusi, kwamba vimekaa mwilini muda, na kwamba sitakufa nikimeza dawa ninavyoelekezwa. Aliniuliza mara ya mwisho nilipima lini.

Niliitoa karatasi mfukoni. Nilikuwa nimekwenda nayo, kama anayekwenda mahakamani na ushahidi.

Aliisoma, akaitazama tarehe, akaikunja vilevile nilivyoikunja. "Mwanangu," alisema, "hii inakwambia ulivyokuwa siku ile. Ya kesho yake haiyajui."

Nililia. Alinipa karatasi laini, akafunga dirisha lililoelekea ukumbini, akaniacha nilie mpaka nikatosheka, na benchi zima likisubiri. Baadaye aliniuliza kama kuna mtu wa kuambiwa, na hakuuliza kama ni mwanamke au mwanamume. Nilimwambia yuko. Akasema tu, aje, na aje mapema.

Wiki mbili za kwanza za dawa kichwa kiliuma na dunia ilizunguka kila nikiinuka. Nikalala uani chini ya kofia za watu zilizokuwa zinakauka. Mama nilimwambia ni dawa za damu. Kile kikopo cha vidonge kilikuwa na kelele. Nikikishika kinalia, nikitembea nacho kinalia, na mimi nikawa natembea kama mwizi wa kuku. Siku moja nilikishika kikawa kimya. Nilikifungua nikakuta juu ya vidonge kumewekwa pamba safi, imekandamizwa vizuri. Pamba ile ni ya mto wa mama yangu, naijua.

Nilikwenda jikoni. Alikuwa anakuna nazi na hakugeuka. Nilisimama mlangoni, kikopo mkononi.

"Mie nilikuuguza surua ukiwa nkononi," alisema, "sijakuuliza ulipoitoa. Kaa, nakupikia."

Nilikaa. Hatujalizungumza zaidi ya hapo mpaka leo, na sijui anajua kiasi gani. Kaka yangu alipokuja na kuuliza kwa sauti naumwa nini hata niwe hivi, mama ndiye aliyemjibu, akamwambia kama amekuja kutazama mgonjwa amtazame, na kama amekuja kuuliza maswali barabara ni ileile aliyojia. Kaka alikasirika, miezi miwili hakukanyaga. Hilo liliniuma, kwa sababu najua mama alikuwa na hamu naye.

Kumwambia Makame kulinichukua siku tisa. Nilingoja siku mama alipokwenda kwenye hitima. Makame alikuja na samaki, kama alivyokuwa akija kila wiki tangu niugue, akakaa kwenye mkeka. Nilimwambia bila kupamba. Nilitegemea aniulize nimeitoa wapi, au aniulize yeye je. Alitazama mikono yake.

"Weye utapona?" aliniuliza.

Nikamwambia Bi Asya amesema nitaishi. Hapo ndipo aliponishika mkono, akaushika mpaka nje pakaadhiniwa. Nimeambiwa maneno mengi mazuri katika maisha yangu, lakini lile ndilo lililonirudisha, kwamba aliniuliza mimi kwanza.

Kesho yake alikwenda kupima, akatoka salama. Alinipigia simu, na mimi nilisujudu palepale uani kwenye maji ya sabuni. Lakini Bi Asya alimwambia kwamba kwa kuwa tulikuwa pamoja mpaka juzi, kipimo cha leo hakitoshi, arudi baada ya miezi mitatu, na aendelee hivyo. Akamwambia vilevile kuna vidonge vya kinga kwa mtu kama yeye, ambavyo navyo hutolewa kwa mwenye kupima mara kwa mara. Makame alisema atafikiri.

Hakufikiri. Miezi mitatu ilikaribia, ikafika, na kila nikimgusia anageuza mazungumzo kwenye mabomba. Tulikuwa tumeingia Shaabani, mvua zimeanza, mimi nimeanza kupata nyama mashavuni, na ule utando mdomoni umekwisha. Nilikuwa napona, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Mtu akiwa anakufa haogopi ya mwenzake. Mimi nilikuwa na nafasi sasa ya kulala macho wazi mchana na kumwona Makame amekonda, kanzu imemlegea, anauliza amekosea wapi.

Siku moja nilimkazania. Alikuwa juu ya ngazi anafunga tangi la jirani, nikamwambia nimempangia siku kwa Bi Asya. Alishuka, akafuta mikono.

"N'shapima. Nimetoka salama," alisema. "Mie si gari."

Alikuwa anatabasamu. Lilikuwa neno letu, alilisema kwa mapenzi, kama mtu anavyomrudishia mwenziwe utani wake. Nikakaa kwenye tofali. Alipoona sicheki, tabasamu likamwondoka, na ndipo alipotoa lililokuwa moyoni.

"Mara ya kwanza kaniona Bi Saumu, jirani yetu," alisema. "Kabla sijafika nyumbani, dada keshaambiwa naoa. Kanunua doti mbili za kanga za bibi harusi, na kila siku ananiuliza ni binti wa nani. Sasa nikikaa kwenye benchi lile mara ya pili, nseme naoa wa pili? Na ya tatu? Ntu anayepima kila mara si bwana harusi. Kila ntu anajua ni nani."

Hofu ile naijua, niliitengeneza mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikasema vibaya. Nikamwambia basi afe na heshima yake. Alikusanya vifaa vyake akaondoka, na Ramadhani ilipoandama hakuja. Aliniletea samaki kwa mkono wa watu, yeye hakuja.

Ramadhani ile nilifunga baadhi ya siku, baadhi nikala kwa ruhusa ya Bi Asya. Dawa nilimeza baada ya futari, mama ananitilia maji kwenye bilauri na kutazama pembeni mpaka nimeze. Nguvu zilirudi kwa vitu vidogo. Siku niliyokamua kanzu bila kupumzika. Siku niliyosimama rakaa zote za tarawehe. Nilimaliza kofia za Idi za watu wote walioniletea, na mmoja aliniambia nimenenepa, nikataka kumbusu.

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi nilikwenda kwa Shaame. Makame alikuwepo, amekaa karibu na dirisha, hakuniangalia. Karata zilipogawiwa, mtu mmoja akapiga chafya, mwingine akamuuliza sevisi imepita, na wakacheka. Niliweka karata zangu chini.

Nilikuwa nimekusudia kusema vizuri. Maneno yakanitoka yamepandana. Niliwaambia kwamba neno lile ni langu na nataka kulirudisha. Kwamba mgeni alipokuja na kutuambia, nilikuwa tayari naumwa na sijui, na laiti ningekwenda wiki ile, nisingefika nilipofika, na nisingemhatarisha mtu ninayempenda. Kwamba wale waliotaka kuuliza siku za kwenda, mimi ndiye niliyewafunga mdomo, na sijui kama wamewahi kwenda. Nikasema ninameza dawa, na nikasema dawa ya nini.

Mmoja alisogeza kikombe chake cha kahawa mbali kidogo na changu, akaona nimemwona, akaona haya. Simlaumu, na mimi zamani ningefanya hivyo. Shaame ndiye aliyeinuka. Alichukua kikombe changu, akanywa fundo moja mbele yao, akanirudishia, kisha akauliza ni zamu ya nani kucheza. Makame aliondoka kabla ya mchezo kwisha.

Jumatatu alinipigia simu. Alikuwa mlangoni mwa kituo, na miguu imekataa. Aliniuliza kama naweza kuwa kwenye simu mpaka aingie. Nilikaa na simu sikioni, mikono ina wanga mpaka kwenye viwiko, nikimsikiliza akipumua, nikisikia watoto wakilia nyuma yake, mtu akiitwa jina, na mwingine. Kisha nikasikia sauti ya Bi Asya ikimkaribisha, na simu ikakatwa.

Ilipita saa moja na robo. Nilivisha kofia ileile juu ya kopo mara nne. Alipopiga tena alisema, "Salama," na mimi nilikaa chini, na kopo likaanguka, na mama akauliza kutoka ndani kulikoni, nikamwambia hakuna, kopo tu. Alianza vile vidonge vya kinga wiki ileile.

Sasa mwaka umepita na ziada. Kwenye kipimo changu cha mwisho virusi havikuonekana, na Bi Asya alinionyesha majibu akiwa amevaa miwani yake, hakuivua. Dada yake Makame ameziuza zile kanga. Wawili kati ya wale wa Ijumaa wanakwenda kupima, mmoja nilikwenda naye mimi, na wengine bado, wanasema watakwenda. Siwachekeshi tena juu ya hilo. Ya mengine bado nawachekesha.

Wewe unayesoma, kama una karatasi yako umeikunja mahali, mimi sikutukani. Nenda tu ukaitazame tarehe. Kisha ujiulize yule unayempenda, unamwamini yeye, au unaiamini karatasi yake. Mimi nilidhani kupima tena ni kumtilia shaka. Nimekuja kuona kwamba ni njia ya kumwambia nataka uwepo mwakani. Kama benchi linakuogopesha, tafuta mtu akusindikize, au akae nawe kwenye simu. Usingoje mpaka mama yako aanze kuhesabu vipande vya samaki.

Wiki iliyopita siku yangu ya kuchukua dawa iliangukia siku ya Makame ya kupima. Tulikwenda kila mtu kwa njia yake, kama kawaida yetu, tukakaa benchi moja, baina yetu tumeacha nafasi ya mtu mmoja. Ilikuwa mara yake ya tano. Mlangoni akaingia Bi Saumu, yuleyule wa Vitongoji, anakwenda kupima presha. Alimwona Makame toka mbali na uso ukamkunjuka.

"Makame, mwanangu," alisema, na ukumbi wote unasikia, "si useme tu, unaoa lini?"

Nilitazama miguu yangu. Mwaka mzima wa kupima nilihisi umesimama pale, ukingoja jibu. Nilijua akisema inshallah, kama nilivyosema mimi, hatarudi tena.

"Sioi, bibi," alisema Makame. Sauti yake ilikuwa chini lakini haikutetemeka. "Nimekuja kupima. Na miezi mitatu ijayo nakuja tena."

Bi Saumu alimtazama. Akanitazama na mimi, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mama mmoja aliacha kumbembeleza mtoto wake. Kisha bibi akahema, akashika kiuno.

"Haya," alisema. "Basi sogeeni, na mie nipate pa kukaa. Miguu yaniuma."

Makame alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na nafasi ilikuwa baina yetu. Makame alisogea kwangu, bega lake likagusa bega langu, bibi akakaa. Tulibaki hivyo, mbele ya watu wote, mpaka Bi Asya alipoliita jina la Makame.